Kufunga minyororo ya mpira kwenye UTV: maswali tunayoulizwa kila msimu wa mvua

Karakana yetu iko mashariki mwa Uganda, kwenye njia ya kutoka Tororo kwenda Mbale. Magari tunayoshughulika nayo ni yale madogo ya kazi, watu wamekaa bega kwa bega mbele na kuna bodi ndogo ya mzigo nyuma: Polaris Ranger, Can-Am Defender, Kawasaki Mule na ndugu zao. Wengine wanayaita bagi, wengine UTV. Mvua ya Machi ikianza, simu inaanza kulia, na maswali ni yale yale. Tumeyakusanya hapa jinsi wateja wanavyoyauliza, na majibu jinsi tunavyoyatoa tukiwa tumelala chini ya gari.

Fundi, hii minyororo ya mpira ni kitu gani hasa? Ni katapila?

Umbo ni la katapila, ila hamna chuma kinachokanyaga ardhi. Ni mkanda mpana wa mpira uliotiwa nyuzi ngumu ndani, wenye meno nje ya kushika udongo na meno ndani ya kushikwa na sproketi, yaani gurudumu la meno linalouzungusha. Unatoa tairi zote nne, na mahali pa kila tairi unafunga fremu ya pembetatu: juu sproketi, chini safu ya vigurudumu, na mkanda umezunguka vyote. Injini ni ile ile, gia ni zile zile, usukani ni ule ule. Gari haligeuki kwa kusimamisha upande mmoja kama katapila linavyofanya. Linakata kona kwa kugeuza minyororo ya mbele, kama lilivyokuwa likigeuza tairi.

Wanaotengeneza vifaa hivi wengi wanatoka nchi za baridi. Mattracks wako Karlstad, Minnesota. Camso walianzia Quebec, Kanada. Walikuwa wanafikiria theluji. Likumbuke hilo, maana nusu ya matatizo tunayoyaona huku yanatokana na kifaa cha theluji kupelekwa kwenye jua la Soroti.

Na kwa anayedhani Uganda haijawahi kuona kitu hiki: mwaka 1925 magari ya Citroën yenye mikanda ya mpira nyuma, kwa ubunifu wa Mfaransa Adolphe Kégresse, yaliingia Kampala yakitokea Algeria kwa kupitia Sahara na Kongo. Msafara huo uliongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil, na hapo Kampala ukajigawa makundi manne, kila moja likashika njia yake. Moja lilielekea Mombasa, jingine Dar es Salaam. Miaka mia moja hivi imepita. Matope bado ni yale yale.

Itaipa gari langu nguvu zaidi?

Hapana. Swali hili ndilo tunalolijibu kwa urefu kuliko yote, kwa sababu anayelielewa atayaelewa mengine peke yake. Minyororo haiongezi nguvu. Inapunguza uzito ambao ardhi inausikia.

Chukua kalamu. Gari, dereva na mzigo, jumla kilo 1,200. Tairi moja pana inagusa ardhi kwenye eneo la kama sentimita 25 kwa 20, yaani sentimita za mraba 500. Tairi nne, 2,000. Gawanya: kila sentimita ya mraba ya ardhi inabeba gramu 600. Sasa toa tairi, weka minyororo. Minyororo yenyewe ni mizito, kwa hiyo tuseme gari limefika kilo 1,350. Lakini kila mkanda umelala chini kwa sentimita 30 kwa 75, yaani 2,250, na minne inafanya 9,000. Gawanya tena: gramu 150. Umeongeza uzito, na bado ardhi imepumzika mara nne.

Linganisha na mtu. Mwanamume wa kilo 70 akitembea, kuna wakati uzito wake wote uko juu ya wayo mmoja, na wayo una kama sentimita za mraba 200. Hiyo ni gramu 350. Ndiyo maana unaweza kuona gari lenye magunia ya mbolea likipita mahali ambapo vibarua wanazama hadi kwenye vifundo vya miguu. Mara ya kwanza kuliona hilo nilisimama kwenye tuta la mpunga kando ya mto Manafwa na sikuamini macho yangu.

Hesabu hiyo ni ya karatasi, bila shaka. Uzito haujigawi sawasawa. Unakaa zaidi chini ya vile vigurudumu. Lakini mwelekeo wake ni wa kweli, na ndio unaopaswa kukuongoza. Ukiambiwa na muuzaji kwamba gari litavuta trekta iliyozama, muulize litajishikilia wapi. Udongo ambao ni uji utabaki uji.

Je, ninaihitaji kweli?

Pengine huihitaji. Tunawarudisha nyumbani watu wengi kuliko tunaowafungia, na hatujutii. Seti mpya ni dola elfu kadhaa hata kabla ya usafiri na ushuru. Kwanza punguza upepo wa tairi hadi kiwango cha chini kabisa ambacho kitabu cha gari kinaruhusu, ujaribu tena pale ulipokwama. Halafu jaribu tairi pana zenye meno marefu. Ukikwama wiki mbili kwa mwaka, kodi watu wakubebee mzigo wiki hizo mbili.

Mtu anayeihitaji ni yule ambaye kazi yake iko ndani ya tope miezi mitano au sita: msimamizi wa shamba kubwa la mpunga, anayekagua nguzo za umeme bondeni, anayepeleka dawa au chakula cha mifugo mahali ambapo barabara hukatika kila mwaka. Kwa huyo, gari lililosimama ni hasara ya kila siku, na hesabu inakubali.

Gari langu linafaa?

Angalia mambo manne. Liwe na uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne. Liwe na gia ya chini, ile yenye herufi L. Liwe na usukani wenye msaada wa umeme. Bila huo utageuza kona tatu na mabega yatakuambia. Na kuwe na seti iliyotengenezwa kwa modeli yako na mwaka wake, kwa sababu vishikizo vinavyounga fremu na mkono wa saspensheni hutofautiana, na mpangilio wa stadi za habu, yaani bolti za kitovu cha gurudumu, hutofautiana pia.

Hili la mwisho ndilo linalowaumiza watu. Mteja wetu mmoja alinunua seti ya mkononi kwa bei nzuri, akaisafirisha hadi Mombasa, ikavuka mpaka wa Malaba, ikatufikia. Stadi hazikuingia. Muuzaji alikuwa ameandika jina la gari sahihi na mwaka usio sahihi. Ilibaki chini ya turubai miezi minane ikisubiri vishikizo vingine. Kabla hujatuma pesa, omba namba ya seti na namba ya kila kishikizo, kisha uziweke mbele ya fundi.

Naweza kufunga ya nyuma tu, mbele nikaacha tairi?

Usifanye hivyo kwenye gari linaloendesha magurudumu manne. Mzunguko mmoja wa tairi na mzunguko mmoja wa sproketi havisogezi gari umbali sawa. Mbele itataka kwenda haraka, nyuma polepole, na ugomvi huo utaishia kwenye difu, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu, na kwenye shafti.

Kazi ya kufunga yenyewe inakwendaje?

Kwa mafundi wawili wanaoijua, mara ya kwanza ni siku nzima. Mara ya pili ni nusu siku, kwa kuwa vishikizo vinabaki kwenye gari.

Gari liwe limeoshwa. Tunalipandisha juu ya stendi nne kwenye sakafu tambarare, maana vipimo vyote vinavyofuata vinategemea sakafu hiyo. Tairi zikitoka, hatufungi chochote kwanza. Tunashika kila habu na kuitikisa, tunachungulia buti za sivi jointi, yaani mipira inayofunika viungo vya ekseli, tunatikisa bol jointi, viungo vya saspensheni, na tairodi, fimbo za usukani. Mnyororo utaongeza mzigo juu ya vitu hivi vyote, na bol jointi iliyochoka ambayo ingeishi mwaka mwingine na tairi haitamaliza mwezi na minyororo. Kama kuna kilicholegea, tunakibadilisha siku hiyo hiyo au tunaacha kazi.

Kisha tunatenga minyororo. Ya mbele si sawa na ya nyuma, ya kushoto si sawa na ya kulia, na mshale uliochorwa ubavuni unaonyesha upande wa kwenda. Inaonekana ni jambo dogo, lakini tumeletewa magari mawili yaliyofungwa kinyume.

Vishikizo vinafungwa kwenye mikono ya saspensheni. Ndipo fremu inanyanyuliwa. Hapa usijifanye shujaa: mmoja una uzito wa mfuko wa saruji au zaidi, na umbo lake halishikiki. Tunatumia jeki ya sakafu na ubao. Sproketi inaingia kwenye stadi za habu, nati zinarudi, na tunakaza kwa toku renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kiwango cha kitabu na kwa mtindo wa msalaba. Spana ya kawaida na bomba refu si kipimo.

Baada ya hapo inakuja fimbo ya kizuizi, na ningependa usome sehemu hii mara mbili. Mnyororo umening'inia kwenye habu kama bembea. Kitu kisipouzuia, ukigonga kisiki utapinduka mbele au nyuma na kuchana sakafu ya gari. Fimbo hiyo, yenye mpira wa kunyonya mshtuko, inauacha ucheze kiasi na kuukatalia uzidi. Ikilegea, pua ya mkanda inazama kwenye tope na gari linajichimbia. Ikikazwa mno, mnyororo haufuati ardhi, usukani unakuwa mzito, na kila mshtuko unakwenda moja kwa moja kwenye mkono wa saspensheni. Pua ya mkanda inapaswa kuinuka kidogo, na kitabu cha seti kinatoa kipimo chake. Tunapima gari likiwa chini, usukani umenyooka, mzigo wa kawaida ukiwa nyuma na mtu wa uzito wa dereva amekaa. Wengi hupima gari tupu, kisha wanashangaa.

Mwisho, mkazo wa mkanda na unyookaji. Mkazo unapimwa kwa kubonyeza katikati ya vigurudumu viwili kwa uzito uliotajwa kitabuni na kuangalia mkanda umeshuka kiasi gani. Unyookaji tunaupima kwa futi kamba kati ya minyororo miwili ya mbele, mwanzo wake na mwisho wake. Tunarekebisha tairodi hadi tofauti iwe ile inayotakiwa. Tunazungusha usukani hadi mwisho kulia, hadi mwisho kushoto, huku mwingine akipitisha mkono kati ya mkanda na bodi. Mahali ambapo mkono haupiti, mkanda utakula plastiki au plastiki itakula mkanda.

Tumefunga vizuri lakini usukani ni mzito na gari linavuta upande mmoja. Kwa nini?

Mara nyingi ni fimbo za kizuizi za mbele hazilingani, moja imekaza kuliko nyingine. Ukilinganisha na bado linavuta, pima mkazo wa mikanda yote minne, halafu rudia unyookaji. Na usukani utabaki mzito kidogo kuliko wa tairi hata kila kitu kikiwa sawa. Mkanda mrefu unasuguana na ardhi kuliko tairi unapogeuzwa. Gari likiwa limesimama usilazimishe usukani. Lisogeze kidogo ndipo ukate kona.

Saa za kwanza nifanye nini?

Nenda polepole, mahali penye unyevu. Meno ya ndani ya mkanda na vigurudumu vinahitaji kuzoeana, na maji na tope laini ndiyo yanayopooza msuguano huo. Baada ya saa tano hivi za kazi simama, pima mkazo tena kwa sababu mkanda mpya hulegea, na kaza nati zote upya. Niliwahi kumwachia mteja gari bila kumsisitizia hili. Nati mbili zilidondoka shambani, stadi tatu zikakatika, na gari likavutwa na ng'ombe hadi barabarani. Tangu siku hiyo hakuna gari linalotoka kwetu bila sisi kupanga siku ya kulifuata.

Litakimbia kasi gani?

Kasi itashuka. Tairi ya inchi 27 ina mzunguko wa kama sentimita 215. Sproketi ikivuta mkanda sentimita 140 kwa mzunguko mmoja, umebaki na asilimia 65 ya mwendo. Spidomita inayohesabu mizunguko ya magurudumu itaandika 60 na wewe uko 39. Hali hiyo hiyo kwa kilomita: panga huduma ya gari kwa saa za injini, usitegemee kilomita za dashibodi.

Wanaohama kutoka tairi wanakosea kwa kuendesha kwenye gia ya juu ili wairudishe ile kasi. Gari nyingi za aina hii zina gia ya mkanda, na mkanda huo ukibebeshwa mzigo mkubwa kwa mwendo mdogo unateleza, unapata moto na kuungua. Ukiwa kwenye tope au na mzigo, tumia L. Ukisikia harufu ya mpira kuungua, simama, uache injini ipumue. Si minyororo inayonuka hivyo. Ni mkanda wa gia.

Na mafuta?

Litakunywa zaidi. Pima mwenyewe wiki mbili za kwanza kwa kujaza tangi hadi shingoni, maana tofauti inategemea tope lako na mguu wa dereva wako.

Naweza kupita kwenye lami au murram kufika shambani?

Kuvuka, ndiyo. Kusafiri, hapana. Huu ndio ule mkasa wa theluji nilioutaja. Kwenye theluji vigurudumu vinapoozwa muda wote. Kwenye murram kavu ya Januari, au lami saa saba mchana, meno ya ndani yanasuguana na vigurudumu bila maji, joto linapanda, na plastiki inaanza kulainika. Nimeona vigurudumu vilivyoliwa vikawa kama mhogo uliomenywa, baada ya safari moja tu ya kutoka Kumi mjini. Pakia gari kwenye trela au lori hadi mwisho wa barabara ngumu. Kama lazima utembee kilomita moja au mbili kavu, nenda mwendo wa baiskeli, na ukipata dimbwi lipite katikati badala ya kulikwepa.

Ukinunua, uliza kama seti ni ya misimu yote. Za theluji tupu zina meno marefu laini ambayo mawe yetu yanayanyofoa.

Shamba langu linapakana na mafunjo. Sasa naweza kuingia ndani?

Tafadhali usiingie.

Kuna sababu ya usalama kwanza. Mafunjo ya kando ya Kyoga na maziwa mengine mara nyingi hayakusimama juu ya udongo. Ni mkeka wa mizizi ulioelea, na chini yake kuna maji ambayo hujui kina chake. Hesabu yetu ya gramu 150 inasaidia mahali ambapo chini kuna ardhi. Mkeka ukichanika gari linashuka, na fremu za minyororo ni nzito. UTV si mtumbwi. Wavuvi wa pale wanajua mkeka unabeba wapi na wapi haubebi, na hata wao hawaingii na pikipiki.

Sababu ya pili ni kwamba si mali yako hata kama hati yako inafika ukingoni. Ibara ya 237 ya Katiba ya 1995 inasema serikali inashikilia maziwa, mito na maeneo oevu kwa amana, kwa faida ya raia wote. Sheria ya Mazingira ya 2019 inaendeleza hapo, na kazi nyingi ndani ya eneo oevu zinahitaji kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda. Hakuna fundi anayeweza kukufungia kibali pamoja na minyororo.

Na ya tatu ni yangu, wala siombi radhi kuisema kwenye ukurasa wa magari. Mafunjo ndiyo yanayochuja maji tunayokunywa. Kinamasi cha Nakivubo kilikuwa kikisafisha maji machafu ya Kampala kabla hayajafika ziwani, na kila mtu anajua kilivyoliwa. Kule Mabamba, kinamasi kilicho kando ya Ziwa Victoria, watu wanatoka ng'ambo kuja kumtazama korongo nyangumi amesimama kimya kwenye maji. Mnyororo wa mpira hauumizi ardhi kama tairi, hiyo ni kweli, lakini ukipita mahali pamoja mara ishirini umechimba mfereji, maji yanaufuata, na kinamasi kinaanza kukauka kutokea hapo. Chombo chepesi hakikupi ruhusa ya kwenda kila mahali. Katika mbuga za wanyama ni vivyo hivyo: nje ya njia zilizowekwa huendi bila idhini ya UWA, mamlaka ya wanyamapori, uwe na tairi au minyororo.

Niko Karamoja, udongo wetu ni mweusi wa kunata. Itafanya kazi?

Itafanya kazi kuliko tairi, ila itakudai usafi. Udongo mweusi hufura ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukilowa hunata kwenye tairi hadi meno yanapotea, likabaki duara laini linalozunguka bure. Mkanda wa mpira unajikunja kila unapozunguka sproketi, na kule kujikunja kunautema udongo nje. Lakini ule unaobaki ndani, kati ya vigurudumu, ndio hatari. Jioni ni tope, asubuhi ni tofali. Ukiwasha gari na kuondoka, tofali hilo linanyanyua mkanda kutoka kwenye vigurudumu, na mkanda unachomoka.

Udongo uwahi ungali maji. Osha siku ile ile, hata kama ni kwa ndoo na fimbo, ukianzia ndani kwenda nje. Usipige maji ya mashine kwa nguvu kwenye sili za beringi, vile vizibo vyake vya mpira, maana yatasukuma mchanga ndani.

Faida moja ambayo watu wa Moroto wanaipenda: miiba ya migunga haina la kufanya.

Yaani hakuna pancha kabisa?

Hakuna, kwa sababu hamna upepo. Kinachoua mkanda ni jiwe lililonaswa ndani kati ya mpira na kigurudumu, na visiki vya miwa iliyokatwa kwa mshazari, ambavyo vinachoma kama mkuki. Kagua upande wa ndani kila jioni. Kingine ni kamba za katani, nyavu, waya wa seng'enge na majani makavu ya mpunga: vinajizungusha kwenye ekseli za vigurudumu taratibu, vinakata sili, maji yanaingia, na beringi inakufa bila kelele. Kisu kidogo kikae kwenye gari.

Na milimani, Kigezi au Elgon?

Kupanda na kushuka moja kwa moja, minyororo inashika vizuri. Hatari ni kukata mlima kwa ubavu. Meno ya mkanda yameelekezwa kuvuta mbele, hayazuii sana kuteleza pembeni, hasa kwenye nyasi zilizolowa. Gari pia limeinuka kutoka lilipokuwa, na mzigo wa nyuma umeinuka nalo. Punguza mzigo, ufunge chini kabisa ya bodi, na usigeukie katikati ya mteremko. Matuta ya kuzuia mmomonyoko kule Kabale yamejengwa kwa mikono ya watu kwa miaka mingi, zunguka, usiyapande.

Kwa walio Bududa na wilaya jirani nitasema wazi. Machi 2010 kijiji cha Nametsi kilifunikwa na mlima, na haikuwa mara ya mwisho kwa eneo hilo. Mteremko uliolowa hadi ndani haujali kwamba gari lako lina gramu 150 kwa sentimita. Mvua ikinyesha siku mfululizo na nyufa zikaonekana juu, gari liache, watu washuke.

Trela inaweza kufuata nyuma?

Itazama. Gari litapita, trela yenye tairi mbili nyembamba itakaa kwenye tope kama nanga, na utalaumu minyororo. Ama beba juu ya bodi na urudi mara mbili, ama tengeneza sleji ya mbao yenye chini pana. Kwenye mpunga sleji ni bora kuliko trela yoyote niliyowahi kuiona.

Vipuri nitapata wapi? Mafundi wa Katwe, Kampala, hawawezi kutengeneza?

Beringi ndiyo inayoisha kwanza, na hiyo si shida. Namba yake imechorwa ubavuni. Kwa mfano 6205 ni milimita 25 ndani, 52 nje, 15 unene, na utaipata Kampala kwenye maduka ya beringi bila kutaja jina la UTV. Chukua yenye sili za mpira pande zote mbili. Vishikizo, fimbo na boksi za chuma, mafundi wa Katwe wanazitengeneza vizuri ukiwapelekea kile cha zamani kama sampuli. Sisi wenyewe tumetumia kazi yao na imedumu.

Mkanda wenyewe, hapana. Tumeombwa mara nyingi tukate mkanda wa mashine za kiwandani na kuufunga bolti. Nafasi kati ya meno lazima ilingane na sproketi kwa milimita, na kiungo cha bolti kitakatika gari likiwa mahali pabaya kuliko pote. Agiza wa kiwandani, na uagize mapema: ukiuhitaji Aprili, uwe umelipa Januari.

Kiangazi nikirudisha tairi, minyororo niihifadhi vipi?

Osha, kausha, tia grisi kwenye sehemu zenye nipo, yaani vichuchu vya kuingizia grisi, hadi ile chafu itoke. Legeza mkazo wa mikanda ili mpira usikae umevutwa miezi mitatu. Ilaze kivulini juu ya mbao, mbali na petroli, dizeli na jua la mlangoni. Andika kwa chaki juu ya kila mmoja: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia. Nati za seti zitie kwenye mfuko mmoja na uufunge kwenye fremu yenyewe. Vishikizo viache kwenye gari, ila kagua bolti zake kila mwezi, kwa sababu barabara ya vumbi inazilegeza hata kama hazibebi kitu.